Kijana Hazinduki, Nipige 911? Maswali ya Tunaosema Kiswahili Marekani Kuhusu Ovadozi na Sheria Zake

Maswali haya kuhusu ovadozi, yaani mtu kuzidiwa na dawa, tunaulizwa kanisani, msikitini, kwenye misiba na kwenye magrupu ya WhatsApp, mara nyingi kwa sauti ya chini na kwa kisingizio cha "kuna rafiki yangu". Tumeyajibu kwa kufuata sheria za Marekani, maana ndiko tuliko. Kama mtu yuko mbele yako sasa hivi na hazinduki, acha mengine yote, nenda swali la 4.

## Mambo ya msingi

1. Opioidi ni nini? Ndiyo ule unga wa kule nyumbani?

Unga, yaani heroini, ni mmoja wa ukoo huo. Ukoo wenyewe ulianzia kwenye afyuni, wengine hutengenezwa maabara kwa kuiga nguvu yake, na ndani yake wamo mofini, kodeini, tramadoli, oksikodoni anayoandikiwa mtu akifanyiwa upasuaji, na fentanili. Wote wanafanya kazi mahali pamoja ubongoni. Wanatuliza maumivu, wanaleta usingizi, na wakizidi wanazima ile amri inayouambia mwili uvute pumzi. Kwa hiyo mtu wa ovadozi anakufa kwa kukosa hewa, kimya kimya, pengine amejilaza kwenye kochi na televisheni inawaka.

Marekani janga hili halikuanzia vichochoroni. Lilianzia kwa daktari. OxyContin, chapa ya oksikodoni, iliingia sokoni mwaka 1996 ikipigiwa debe kuwa haileti uraibu kirahisi, na vidonge vikaandikwa kama pipi. Walioshindwa kuviacha wengine wakahamia heroini karibu na mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2013 fentanili ya kutengenezwa viwandani kwa magendo ikafunika kila kitu.

2. Ni kweli vifo vinapungua?

Kweli. Mwaka 2022 walikufa watu 107,941 kwa ovadozi za dawa za aina zote, mwaka 2023 wakafa 105,007, na mwaka 2024 idadi ikashuka hadi takriban 80,000. Mwaka 2023 opioidi zilihusika katika vifo vitatu kati ya kila vinne. Sababu za kushuka zinabishaniwa: kuenea kwa naloksoni (dawa ya kumzindua aliyezidiwa na opioidi, swali la 5), matibabu kupatikana kwa urahisi zaidi, na mabadiliko ya kinachouzwa mitaani vyote vinatajwa. Hata hivyo 80,000 ni uwanja mzima wa mpira uliojaa, kwa mwaka mmoja.

3. Mwanangu hajidungi wala havuti. Hili linanihusu nini?

Linakuhusu kwa sababu ya vidonge bandia. Vinatengenezwa vikafanana kabisa na oksikodoni ya buluu yenye alama ya M30, au Xanax (dawa ya wasiwasi), au Adderall (dawa ya kukaza akili) wanayoitafuta wanafunzi wakati wa mitihani. Vinauzwa kupitia simu na kuletwa mlangoni kama piza. Ndani yake mara nyingi kuna fentanili, ambayo nguvu yake ni kama mara 50 ya heroini. Miligramu 2, sawa na punje chache za chumvi, zinaweza kumuua mtu asiyezoea. Kijana wa namna hii si teja. Ni mtoto aliyemeza kidonge kimoja.

Pia fungua kabati la bafuni. Vile vidonge vya maumivu vilivyobaki tangu baba alipofanyiwa operesheni ya goti vinamngoja mjukuu wa miaka mitatu, au bibi atakayevinywa pamoja na dawa ya usingizi. Maduka mengi ya dawa na vituo vya polisi vina sanduku la kurudishia dawa, na hakuna atakayekuuliza jina.

## Mtu yuko mbele yako

4. Nitajuaje kama ni ovadozi na si usingizi au pombe?

Mwite jina kwa nguvu. Kisha sugua mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya vidole, kwa nguvu inayouma. Mlevi kwa kawaida atalalamika, mwenye usingizi atakusukuma. Wa ovadozi hajibu kitu. Pumzi zake ni za kuhesabika, au hazipo. Mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano.

Vijitabu vingi vinasema uangalie kama midomo imekuwa ya buluu. Kwetu sisi weusi usisubiri buluu: tazama fizi, ndani ya mdomo na chini ya kucha, utaona rangi ya majivu. Na usidanganywe na kukoroma. Mama mmoja alituambia alipita mlangoni kwa mwanawe saa saba usiku, akasikia anakoroma kwa mkoromo mzito wa kugugumia, akamshukuru Mungu kwamba leo kijana kalala vizuri. Mkoromo ule ni njia ya hewa inayoziba.

Ufanye nini: piga 911, weka simu spika. Mpe naloksoni (swali la 5). Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie mdomoni pumzi moja kila baada ya sekunde 5, na anayekuongoza kwenye simu akikuambia ukandamize kifua, kandamiza. Akianza kupumua mwenyewe mlaze ubavu ili matapishi yasimzibe koo. Usimwache peke yake.

5. Naloksoni inatumiwaje?

Ni dawa inayoibandua opioidi pale ilipokalia ubongoni na kuiachia pumzi irudi. Iliidhinishwa Marekani tangu mwaka 1971, kwa hiyo si kitu cha majaribio. Wengi wanaijua kwa jina la Narcan, kipulizio cha puani. Unakiingiza puani hadi vidole vyako viguse pua ya mtu, unabonyeza kitufe cha chini mpaka mwisho. Basi. Ikipita dakika 2 hadi 3 bila kuzinduka, fungua kipulizio cha pili, tundu la pua la pili.

Usikijaribu hewani. Kwenye mafunzo moja mzee wetu alikitoa kwenye pakiti, akakinyoosha juu na kubonyeza "kuona kama kinafanya kazi". Kikafanya kazi, vizuri sana, na dozi ikaishia kwenye dari. Kila kipulizio kina dozi moja tu.

Kama kumbe hakuwa na opioidi mwilini, naloksoni haitamdhuru. Kama alikuwa nayo, anaweza kuamka na arosto kali (mateso ya mwili kukosa dawa ghafla), akatapika, akakutukana kwamba umemharibia. Vumilia. Ila asiondoke: naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90, na opioidi nyingine hudumu zaidi ya hapo, hivyo anaweza kuzama tena wakati ninyi mmeshapumua. Ndiyo sababu 911 inapigwa hata kama ameamka na kuomba soda.

6. Maji ya baridi, maziwa, limau, makofi?

Hapana. Maziwa na limau kwa mtu asiyejitambua vinaingia mapafuni. Maji ya baridi na makofi yanakula dakika ambazo ubongo hauna hewa, na sindano ya maji ya chumvi ni hatari juu ya hatari.

7. Naipata wapi na kwa bei gani? Si mpaka daktari aandike?

Hapo zamani, ndiyo. Kikundi cha kujitolea cha Chicago kilianza kuigawa mitaani mwaka 1996 wakati sheria karibu haikuitambua kazi hiyo. Majimbo yakafuata polepole kwa sheria zinazomruhusu mfamasia kuitoa kwa agizo moja la jumla badala ya cheti cha kila mgonjwa, na zinazomkinga raia wa kawaida aliyempulizia mwenzake kwa nia njema asishtakiwe. Leo majimbo yote 50 yana sheria ya aina hiyo. Tarehe 29 Machi 2023 Narcan iliruhusiwa kuuzwa bila cheti, ikaingia madukani Septemba mwaka huo kwa bei iliyopendekezwa ya dola 44.99 kwa boksi la dozi mbili.

Dola 45 ni pesa ya chakula, tunajua. Usinunue kabla hujauliza idara ya afya ya kaunti yako, maana nyingi hutoa bure, na maktaba nyingine pia. Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nayo mara nyingi hulipia. Ukifika, sema "Narcan" tu, wanaelewa. Kiweke karibu na Panadol, mahali ambapo kila mtu wa nyumba anapajua, si ndani ya sanduku chini ya kitanda.

8. Kiingereza changu ni cha kuomba maji. 911 itanisaidiaje?

Sema "Swahili" na usikate simu, wataunganisha mkalimani. Anwani ya nyumba iandike kwa herufi kubwa uibandike kwenye friji, kwa sababu wakati wa hofu hata jina la mtaa wako mwenyewe linapotea. Hospitalini mkalimani ni haki yako bila malipo: Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inazihusu hospitali zote zinazopokea fedha za serikali kuu. Usikubali binti yako wa miaka kumi atafsiri habari za kaka yake.

## Sheria na polisi

9. Nikipiga 911 polisi si watanikamata?

Hili ndilo swali linaloua watu. Wenzake wanamburuta mtu hadi barazani, wanamwagia maji, wanasubiri, kisha wanakimbia, kwa kuogopa pingu.

Kwa ajili ya hofu hiyo zikatungwa sheria zinazoitwa za Msamaria Mwema. New Mexico ilitangulia mwaka 2007, na leo karibu majimbo yote yanazo, pamoja na Washington, D.C. Kwa ujumla zinasema hivi: ukiomba msaada kwa nia njema kwa ajili ya mtu aliyezidiwa, wewe na aliyezidiwa hamtashtakiwa kwa kiasi kidogo cha dawa au vifaa vya kutumia vilivyokutwa pale. Ubaki mahali pale na ushirikiane na wahudumu.

Kisichokingwa kwa kawaida ni kuuza, hati ya kukamatwa iliyokuwepo tangu zamani, na makosa mengine yasiyohusiana. Polisi anaweza bado kuja na anaweza kuuliza maswali. Jibu kuhusu mgonjwa: kameza nini, saa ngapi. Mengine unaweza kunyamaza kwa adabu mpaka umpate wakili.

10. Shemeji yuko Maine anasema hawakamati mtu, mimi wa Texas naambiwa vingine. Nani mkweli?

Nyote. Kila jimbo limeshona nguo yake. Maine ilipitisha sheria mwaka 2019 na kuipanua mwaka 2022, ikawa mojawapo ya zenye mkono mpana zaidi: inawakinga hata wengine waliokuwa pale wakisaidia, na kwa makosa mengi zaidi ya kushika dawa.

Ohio, ambako Wakongo na Wakenya wengi wamejenga maisha, kinga ipo lakini kuna masharti: ndani ya siku 30 uwe umefanyiwa uchunguzi na kupewa rufaa ya matibabu, na huwezi kuitumia zaidi ya mara mbili.

Texas ndiyo yenye mkono wa birika. Gavana aliukataa muswada mwaka 2015; sheria iliyoanza kutumika Septemba 2021 inampa mtu utetezi mahakamani tu, haimzuilii kukamatwa. Tena inamfaa wa kwanza kupiga simu, asiyewahi kuitumia, na ambaye hajaomba msaada wa ovadozi katika miezi 18 iliyopita. Maoni yetu ni kwamba sheria inayokuhesabia mara ulizookoa mtu imeandikwa na asiyewahi kukaa na mraibu nyumbani. Hata hivyo, hata Texas, piga.

11. Dawa nilimpa mimi. Je?

Hapa mambo ni mazito. Majimbo kadhaa, na serikali kuu pia, yana sheria za kumshtaki aliyemgawia marehemu dawa iliyomuua, na si lazima awe mfanyabiashara; mpenzi aliyenunua kete mbili akampa mwenzake moja amewahi kushtakiwa. Kinga ya swali la 9 kwa kawaida haifiki huku. Tazama lakini mizani yenyewe: mwenzako akipona, hakuna kesi ya kifo. Kila dakika unayochelewa inakusogeza kwenye shtaka unalolikimbia.

12. Sina makaratasi, au kesi yangu ya hifadhi haijaisha. Kinga hiyo inanihusu?

Hatutakudanganya: Msamaria Mwema ni sheria ya jimbo, na uhamiaji ni wa serikali kuu. Jimbo haliwezi kuahidi kwa niaba ya Washington. Kupiga 911 kwenyewe si kosa popote, lakini sheria ya uhamiaji ni kali sana kwa dawa za kulevya. Hukumu moja ya dawa yoyote iliyodhibitiwa inaweza kumfukuzisha hata mwenye Green Card. Msamaha pekee ni kosa moja la bangi isiyozidi gramu 30 ya matumizi binafsi. Hata kuhesabiwa kuwa "mraibu" bila hukumu kunaweza kutumiwa dhidi ya mtu.

Mtego mkubwa uko mahakamani, baada ya tukio. Mwanasheria wa serikali anakuambia: kubali kosa, nenda matibabu, faili litafutwa. Kwa jimbo limefutwa. Kwa uhamiaji kule kukubali mara nyingi kunabaki kuwa hukumu. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa utetezi lazima amweleze mteja wake asiye raia hatari ya kufukuzwa kabla hajakubali kosa. Mdai maelezo hayo wakili wako, na ikiwezekana aongee na wakili wa uhamiaji. Usitie saini kwa sababu umechoka.

13. Hatuna bima. Hospitali itatufukuza?

Sheria ya mwaka 1986 inailazimu karibu kila idara ya dharura kumchunguza na kumtuliza mgonjwa kwanza, awe na pesa asiwe nazo, awe na makaratasi asiwe nayo. Bili itakuja. Ikija, uliza ofisi ya fedha ya hospitali kuhusu msamaha kwa wenye kipato kidogo kabla hujalipa hata dola moja.

14. Vile vikaratasi vya kupima fentanili ni halali?

Vinategemea jimbo. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa vifaa vya dawa za kulevya, sawa na bomba la sindano, jambo la kushangaza kwa kitu kinachomwonya mtu asife. Majimbo mengi yamebadilisha. Ohio na Kentucky kwa mfano yalifanya hivyo mwaka 2023. Kikaratasi kikisema hakuna fentanili, usikiamini kwa asilimia mia: kidonge hakichanganywi sawasawa, na nusu uliyopima si nusu utakayomeza.

15. Nimempa dozi mbili, anapumua, lakini bado haamki. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Mitaani fentanili huchanganywa na zailazini, dawa ya kulaza wanyama, ambayo si opioidi na naloksoni haiiwezi. Lengo lako ni apumue, si aamke aongee. Kama anapumua, mlaze ubavu na usubiri ambulensi bila kummiminia dozi nyingine.

16. Nikimgusa nitavuta fentanili na mimi?

Hapana. Kuigusa kwa ngozi kwa bahati mbaya hakukupi ovadozi. Nawa mikono kwa maji na sabuni baadaye.

## Baada ya kuokoka

17. Methadoni si kubadilisha unga kwa unga?

Tunalisikia sana, hasa kwa wachungaji na wazazi. Mwenye kisukari anayechoma insulini kila asubuhi hatumwambii amebadilisha sukari kwa sindano. Methadoni na buprenofini hushika sehemu ileile ya ubongo kwa utulivu, mtu asipate arosto wala ulevi, aweze kwenda kazini. Kati ya matibabu yote yaliyopo, hizi ndizo zenye ushahidi mzito kabisa wa kuzuia vifo.

Sheria nazo zimelegea. Zamani daktari alihitaji kibali cha pekee kuandika buprenofini. Kibali hicho kilifutwa mwishoni mwa Desemba 2022, na sasa daktari wa kawaida mwenye leseni ya kuandika dawa zilizodhibitiwa anaweza. Methadoni bado inatolewa kwenye kliniki maalumu, lakini kanuni za mwaka 2024 zinaruhusu mgonjwa aliye thabiti, baada ya mwezi mmoja, kupewa dozi za hadi siku 28 nyumbani. Kwa anayeamka saa tisa usiku kwenda kiwanda cha kuku, hilo si jambo dogo. Kumbukumbu za matibabu haya zina sheria yake ya siri, kali kuliko ya magonjwa mengine: mwajiri wala mchungaji hawezi kupiga simu akaambiwa.

18. Ametoka jela akiwa safi kabisa. Sasa tushukuru?

Shukuruni, na siku hiyohiyo mtafute naloksoni. Mwili uliokaa miezi bila dawa umesahau kuistahimili, na dozi yake ya zamani sasa ni ya kumuua. Utafiti wa jimbo la Washington uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta kwamba katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani hatari ya kufa kwa ovadozi ilikuwa mara 129 ya watu wengine. Hesabu hiyohiyo inamkabili aliyetoka kwenye nyumba ya kuachishia dawa bila kupewa dawa ya swali la 17.

19. Tumrudishe Afrika kwa babu yake akatulie?

Kila familia imeliwaza hili. Tatizo la kwanza limo kwenye swali la 18: atafika akiwa hana ustahimilivu, na unga upo. Pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam, ni njia ya magendo ya heroini ya Afghanistan kwa miongo. La pili, kumkuta jirani mwenye naloksoni nyumbani ni jambo la bahati sana.

Kama uamuzi umeshafanyika, jueni kuwa matibabu yapo. Tanzania ilianza kutoa methadoni Muhimbili Februari 2011, kisha ikaenea hadi hospitali nyingine za Dar, Zanzibar na mikoani. Kenya ilianza Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na mwaka uliofuata Malindi na Mombasa. Kwa kawaida dozi hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, hivyo kijiji kilicho saa sita kutoka kliniki hakifai. Wasilianeni na kliniki kabla ya kununua tiketi, mpewe barua ya rufaa yenye dozi yake, na asibebe chupa ya methadoni kwenye begi bila karatasi za daktari na ruhusa ya nchi anakokwenda. Vipulizio viwili vya Narcan vimtangulie kwa babu, na babu aonyeshwe kwenye simu ya video namna ya kubonyeza.